Mashine ya Kidole Haisemi

Kuna mafundi wanaojisifu kwa vitu walivyotengeneza. Huyu alijisifu kwa kelele alizoziua, na ndiyo maana watu wa mtaani walimwita Fundi Kimya. Jina lilikuwa la utani, maana mwenyewe alikuwa msemaji wa kupindukia. Ukimpelekea kompyuta yako kuukuu, ujiandae kusikia hotuba nzima kuhusu vumbi, kuhusu joto, na kuhusu watu wa siku hizi wanaotupa mashine nzima kwa sababu ya feni moja.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vioo. Rafu zilijaa kompyuta za zamani, zile nzito za kesi ya chuma, zilizotoka kiwandani zikiwa na rangi ya maziwa na sasa zimegeuka njano. Usidhani zilikuwa takataka. Mshona nembo alikuwa na cherehani ya kutarizi isiyopokea amri kutoka kwa kompyuta iliyozaliwa juzi. Mhasibu wa stoo ya mbao alikuwa na programu aliyoizoea tangu enzi ana nywele kichwani, na kila alipojaribu mpya alirudi anaitukana. Kwa watu kama hao, mashine ikifa, kazi imekufa. Na mashine za umri ule zinauawa na joto. Vumbi linaziba matundu, feni inachoka, dawa ya kupozea iliyopakwa juu ya prosesa, ule ubongo wa mashine, inakauka kama chokaa, halafu siku moja moto unapanda na mambo yamekwisha.

Fundi hakuanza kazi na bisibisi. Kwanza aliiwasha mashine, akafumba macho, akasikiliza. Kisha aliweka mgongo wa kiganja juu ya kesi, vile mzazi anavyompima mtoto homa. "Huyu kifua kinambana," angesema. Au, "Huyu anasaga meno." Hapo ndipo angefungua. Akishamaliza alimwita mwenye mali, akaiwasha mashine mgeni akiwa bado anavuta kiti, halafu akasubiri. Alikuwa anasubiri sentensi moja tu, na karibu kila mteja aliisema.

"Mbona haijawaka?"

Alicheka mpaka mabega yakamtikisika. "Imewaka zamani, ndugu yangu! Weka sikio." Sentensi hiyo aliipenda kuliko malipo, na mkewe alisema kama ingewezekana angekula hiyo badala ya ugali. Hapo mkewe alikuwa anatia chumvi kidogo, lakini si sana.

Sasa ajabu ya mtu huyu ni kwamba kompyuta yenye kelele kuliko zote mjini ilikuwa nyumbani kwake. Ilikuwa ya mwanawe wa pekee. Aliiunda mwenyewe kutoka kwenye maiti za mashine tatu, akampa mtoto alipoanza kujua kusoma. Mtoto akaipenda mpaka chakula kikawa kinampoa mezani. Alichapa kwa kidole kimoja tu, cha shahada cha mkono wa kulia, tena kwa kasi ya kutisha, na hivyo ndivyo alivyopata jina la Kidole, wazazi wake nao wakawa Baba Kidole na Mama Kidole.

"Hivi vingine tisa vinakula bure," baba yake alimtania.

"Vinapumzika, baba. Vinasubiri zamu yao."

Alipokuwa darasa la tano, Kidole aliingiza kalamu kwenye matundu ya nyuma ili aone kama feni itasimama. Haikusimama. Ilivunjika ncha ya panga moja, ikaendelea kuzunguka na ulemavu wake. Tangu siku hiyo ikawa na sauti yake yenyewe: mngurumo, kisha mkwaruzo, mngurumo, kisha mkwaruzo, na mara mojamoja kitu kama kikohozi. Kuta za nyumba ile zilikuwa nyembamba, na kila jioni Mama Kidole alipaza sauti kutoka jikoni.

"Kidole! Zima hilo dude, macho yatakuisha!"

"Nazima, mama!"

Hakuzima. Mama alijua hatazima, na baada ya muda angeita tena. Mumewe akirudi, alimgeukia yeye. "Baba Kidole, unanyamazisha mashine za watu, hii ya ndani kwako je? Kichwa kinataka kupasuka."

"Wiki ijayo, mama. Nakuahidi."

Ilikuwa wiki ndefu hiyo. Kidole alimaliza shule ya msingi ndani yake, sauti ikamvunjika ndani yake, akaota ndevu. Fundi hakuwa mtu wa kudharau ahadi. Ila kazi za wateja hazikwisha, na mtoto alikuwepo, na mtu mwenye mtoto hudhani wiki zipo nyingi.

Halafu, msimu wa joto wa mwaka uliopita, homa ikamwangusha Kidole. Ilianza kama homa ya kawaida, ya kumeza vidonge na kulala. Haikushuka. Hospitalini fundi alikaa kando ya kitanda na beseni la maji na kitambaa, akikamua na kuweka, akikamua na kuweka. Kila mara alipeleka mgongo wa kiganja kwenye paji la uso la mwanawe, na kila mara aliukuta moto uleule. Mtu aliyepoza mashine za mji mzima alishindwa kupoza paji moja la uso. Walimzika kabla wiki haijaisha.

Fundi akakimbilia karakanani. Alitoka alfajiri, akarudi kiza kimeingia. Mlango wa chumba cha mwanawe aliupita akiangalia sakafu, na mle ndani hakukanyaga hata mara moja. Mama Kidole alibaki nyumbani na chumba kile. Hawakugombana. Waliulizana kama chumvi ipo, waliulizana kama mlango wa nje umefungwa, wakalala migongo ikitazamana. Huzuni yao ilikuwa moja lakini kila mtu aliibeba kivyake, na sijui ni nani aliyewadanganya kwamba hivyo inakuwa nyepesi.

Siku moja shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliingia karakanani bila hodi. Alikuwa mwanamke asiyezunguka maneno.

"Shemeji, uko hapa unabembeleza mashine za watu, na dada yangu anauawa na kelele kule nyumbani."

"Kelele gani?"

"Ile kompyuta ya marehemu. Kila nikienda mchana naikuta inanguruma. Namwambia dada, zima basi upumzike. Ananiangalia tu. Na leo nimeigusa, shemeji. Ina moto ungeweza kuchemshia chai."

Fundi aliweka bisibisi chini. "Anafanya nini nayo?"

"Nijue mimi? Labda anaangalia picha za mtoto. Sasa sikia. Jumamosi namchukua, alale kwangu, arudi Jumapili. Wewe fanya kazi unayoijua."

Jumamosi, wanawake wale walipokwisha kuondoka, fundi alisimama mbele ya mlango wa Kidole, akapiga moyo konde, akausukuma. Mngurumo ulimpokea. Mkewe alikuwa ameondoka bila kuizima mashine. Chumba kilikuwa kimefagiwa, shuka limenyooshwa. Kiti kilikuwa kimesukumwa chini ya meza, na juu yake zimepangwa nguo zilizopigwa pasi. Monita ilikuwa imezimwa, tena imefunikwa kitambaa. Fundi aliviona vyote hivyo, yeye anayejitapa kwamba jicho lake halipitwi na skrubu iliyolegea, lakini hakujiuliza mtu anaangaliaje picha kwenye monita iliyofunikwa, na tena kwenye kiti kisichokalika. Sikio na mkono wake vilikuwa vimeshatangulia kazini.

Aliweka mgongo wa kiganja juu ya kesi. Ilikuwa inaunguza. Mkono ule ulikumbuka kitu kingine.

"Tulia," aliiambia. "Tulia, mwanangu, nimekuja."

Akaizima na kwenda mbio kuchukua vifaa. Hakufikiria kumpigia mkewe simu amwulize. Nani anaomba ruhusa ya kushusha homa?

Alifanya kazi mchana kutwa, na sijui kama aliwahi kufanya kazi nzuri kuliko ile. Alipofungua kesi alikuta vumbi limeshikana kama blanketi kuukuu juu ya bati la mbavu linalopoza prosesa. Akalitoa kwa brashi na kwa pumzi. Akakwangua dawa iliyokauka, akapaka mpya, nyembamba, kama alivyowafundisha wengi wasiomsikiliza. Diski aliilaza juu ya vipande vya mpira ili isitetemeshe chuma. Nyaya alizifunga pembeni zisizuie upepo. Mwisho akafungua skrubu nne za feni ya zamani, akaitoa, na mahali pake akaweka feni kubwa zaidi, inayozunguka polepole, iliyokaa juu ya mipira laini. Alikuwa ameitunza miaka mingi akisubiri mashine inayoistahili.

Akaiwasha. Taa ya kijani ikawaka. Chumba kikawa kimya kiasi kwamba alisikia mtu anafagia uwanja wa jirani. Alisubiri muda mrefu, kisha akaweka mkono juu ya kesi. Baridi. Aliuacha mkono palepale huku machozi yanamshuka hadi kwenye kola ya shati, na kwa mara ya kwanza tangu maziko hayakuwa machozi ya uchungu mtupu. Homa ilikuwa imeshuka.

Ilibaki feni ya zamani mezani. Mtu mwingine angeitupa. Huyu hakuweza, kwa sababu ilikuwa ya Kidole, na hakuweza pia kuiacha na ulemavu, kwa sababu mikono yake haikujua kuweka kando kitu kibovu. Akaiosha kwa spiriti. Akatia tone la mafuta ya cherehani kwenye beringi. Halafu, kwa kuwa panga moja lilivunjika ncha na hilo ndilo lililoifanya iyumbe, akachukua tupa akakwangua mapanga ya upande wa pili, kidogo kidogo, mpaka uzito ukalingana. Hakuna aliyemtuma. Aliijaribu ikazunguka laini bila mkwaruzo wowote. Aliifunga kwenye kitambaa safi, akaiweka kwenye droo ya meza ya mwanawe, akaridhika kwamba ameitunza vizuri.

Jumapili alasiri Mama Kidole alirudi. Fundi alikuwa amekaa sebuleni anajitia kusoma gazeti.

"Umeshindaje?" mke aliuliza.

"Salama. Nyumba ipo."

Mkewe alisimama katikati ya sebule akiwa bado na mkoba mkononi. Aligeuza kichwa kidogo, akasikiliza. Kisha akaenda moja kwa moja chumbani kwa Kidole. Fundi alisikia swichi ikibonyezwa mara moja, kisha mara ya pili. Alitabasamu nyuma ya gazeti. Alikuwa anaingoja sentensi yake, na ikaja.

"Baba Kidole! Mbona haijawaka?"

Alicheka. Mungu amsamehe, alicheka mpaka mabega yakamtikisika, akainuka kwa furaha kwenda mlangoni. "Imewaka, mama! Uliikuta imewaka, umeizima, ukaiwasha tena. Weka sikio. Nilikuahidi, sikukuahidi?"

Mkewe hakugeuka. Alipiga magoti akaweka sikio kwenye chuma, kisha viganja viwili.

"Haisemi," alisema.

"Ndiyo, haisemi! Na joto hakuna. Sasa itaishi miaka."

"Umefanya nini?"

"Nimefanya ulichoniomba."

"Nilikuomba lini?"

"Miaka yote! Kila siku ulikuwa unasema kichwa kinakuuma, unasema zima hilo dude."

"Nilikuwa namwambia yeye!" Mama Kidole aligeuka, na uso wake ulimfanya fundi arudi nyuma hatua moja. "Nilikuwa namwambia yeye azime, kwa sababu alikuwepo wa kuambiwa!"

Kicheko kilimkauka fundi mdomoni. Mkewe alikaa sakafuni, akaegemea meza, na aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Wewe una karakana yako. Unaondoka, unakutana na watu. Mimi asubuhi naiwasha hii, naenda jikoni. Sikai humu, na kabla hujarudi naizima. Nikiwa jikoni naisikia, na nyumba inakuwa na mtu. Ikinguruma vile, siwezi kujua kama kibodi inapigwa au haipigwi. Ile kelele ilikuwa inaifunika hata zamani. Kwa hiyo inaweza kuwa inapigwa. Unanielewa? Jioni namwita. Nasema, Kidole, zima hilo dude. Naendelea na sufuria zangu. Najua hatajibu, mimi si kichaa. Lakini hata zamani alikuwa anajibu tu, hazimi." Alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Sasa ona. Kimya hivi, mtu yeyote anasikia kwamba hakuna mtu."

Fundi alitaka kusema kwamba asingejua. Alitaka kusema kwamba ilikuwa inaungua, kwamba mkono wake haukuvumilia.

"Feni yake iko wapi?" mke aliuliza.

"Ipo!" Fundi alishika neno hilo kwa mikono miwili. "Ipo, sikuitupa. Nairudisha sasa hivi. Nenda jikoni, nenda kasikilize."

Akavuta droo, na alipoushika ule mzigo mdogo ndani ya kitambaa, akakumbuka tupa. Hata hivyo aliirudisha, skrubu zote nne, huku vidole vinateleza. Akaiwasha. Feni ya Kidole ilizunguka na mvumo mwepesi, sawasawa, kazi ya fundi hodari.

"Siyo hiyo," mkewe alisema kutoka jikoni.

Akaizima. Akafuta mafuta yote kwa spiriti, akairudisha kavu. Ikapiga mluzi.

"Siyo."

Akabandika kipande cha gundi kwenye panga moja ili iyumbe. Ikagonga kama mtu anayebisha hodi. Hapo mkewe hakusema kitu, na fundi akaitoa haraka. Alijaribu skrubu zilizolegea, alijaribu kipande cha karatasi, alijaribu feni nyingine aliyoikimbilia karakanani na kurudi nayo anahema. Vumbi la plastiki alilolikwangua kwenye mapanga lilikuwa limeshafagiwa na kutupwa. Sauti ya kitu ni kasoro yake, na yeye alikuwa fundi wa kuondoa kasoro. Kuharibu hakuwahi kujifunza.

Mwishowe Mama Kidole alikuja akasimama mlangoni.

"Acha," alisema, bila hasira. "Acha, baba. Utaichosha."

Fundi akarudisha ile feni kubwa ya kimya, kwa sababu mashine ilikuwa imeanza kupata moto tena. Siku zilizofuata hakwenda karakanani. Mshona nembo alipiga simu mpaka akakata tamaa. Mama Kidole hakuingia tena chumbani, na asubuhi hapakuwa na swichi iliyobonyezwa. Alipika bila kuimba, bila kuita mtu. Fundi alikaa sebuleni akisikia kijiko chake kikigusa sufuria, na kila alichokisikia kilimchoma.

Jioni moja aliingia chumbani kwa Kidole. Aliziondoa nguo kwenye kiti, akazilaza kitandani zisikunjike, akaketi. Akaiwasha mashine. Hakuwasha monita. Alivuta kibodi ile ya zamani, yenye vitufe virefu vinavyopiga kelele, akanyoosha kidole kimoja, cha shahada cha mkono wa kulia, akaanza kubonyeza. Ta. Ta. Ta-ta. Ta. Hakuchapa maneno. Alitaka tu kusikike kitu huko jikoni, na hakuwa na kitu kingine cha kumpa mkewe.

Sufuria ilinyamaza. Kisha akasikia miguu inakuja, miguu ya haraka, miguu ambayo hakuwahi kuisikia tangu maziko. Mlango ukafunguka. Mama Kidole alisimama pale na mwiko mkononi, mdomo wazi, uso umewaka kama wa msichana. Alikuwa ameshaanza kusema. "Ki—"

Akamwona ni nani.

Fundi aliinua kidole kutoka kwenye kitufe. Aliuona ule uso ukizimika, taratibu, kuanzia machoni, na akajua kwamba amemzika mtoto mbele ya mama yake kwa mara nyingine.

"Nisamehe," alisema.

Mkewe aliangalia kibodi, akaangalia kile kidole kinene chenye kovu la moto wa kulehemu.

"Unabonyeza polepole mno," alisema hatimaye. "Yeye alikuwa na haraka."

Akarudi jikoni.

Fundi alijaribu kuongeza kasi. Kidole kilijikwaa, kikasimama, kikaanza tena. Alichapa mpaka mkono ukamuuma, sikio liko jikoni, akingoja aitwe, akingoja hata kukaripiwa, aambiwe azime hilo dude. Maji yalimwagwa. Kabati likafungwa. Hakuna aliyeita.

Basi akanyoosha mkono akaizima mwenyewe. Jikoni hakuna aliyejua, maana ilipokuwa imewaka na ilipokuwa imezimwa, kulikuwa kimya vilevile.